Swali la Tatu na Ufalme wa Mbekenyera

Juma lililopita niliikabidhi meza yangu ya ukalimani katika boma la Nachingwea. Vijana mlioipokea mlitia saini kwa ajili ya kamusi mbili, kidau cha wino, gilasi moja yenye ufa na kabati la madaftari. Namna ya kuvitumia vitu hivyo hamkuitilia saini, kwa kuwa hati ya makabidhiano haina safu ya jambo hilo, na upungufu huo ndio ulionikalisha kuandika kurasa hizi. Juu ya vyeo na mishahara sitasema kitu. Anayetaka habari hizo atazikuta katika jalada langu, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko zinavyostahili.

Kabla ya ukalimani nilikuwa mwalimu wa shule kwa miaka kumi na saba. Kabla ya ualimu nilikaa miaka minne kwa sheikh mmoja wa Lindi nikisoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu barazani kwake, naye alinifundisha kwamba irabu moja ikikosewa aya nzima hupotea. Nililishika fundisho hilo kupita kiasi, kama mtakavyoona. Ulipokuja mradi wa karanga, Nachingwea iliyokuwa msitu na vijumba vya kuhesabika iligeuka mji kwa viangazi viwili: matingatinga yakivuta minyororo ya kung'olea miti, mahema, karakana, reli, na watu wa kila lugha waliokuja kutafuta kazi. Watu wengi huleta mashauri mengi. Boma likafunguliwa, na boma likahitaji wakalimani. Mimi nilikuwa na Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu cha vitabuni na Kimakua cha mama yangu. Kimwera na Kiyao nilikuwa nimejifunza sokoni, na sokoni, kama mjuavyo, mtu hujifunza kwanza maneno ya kukataa.

Siku ya kwanza niliingia mahakamani na kamusi zangu mbili kwapani. Mkalimani mkuu alikuwa Mzee Abdala Chilumba, Myao mwenye makazi yake Matambarale, mtu mfupi, mkavu, aliyezoea kusikiliza akiwa amefumba macho. Alizitazama kamusi, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "hizo nazo zimekuja kutoa ushahidi?"

Nikajibu kwamba zimekuja kunisaidia. Akasema vema, na ziwekwe mahali ambapo mashahidi hawatazikanyaga. Kisha akanionyesha gilasi ya maji iliyokuwa mbele yake na kunipa somo la kwanza la kazi hii. Mkalimani anayehitaji muda wa kufikiri asikohoe, maana hakimu atadhani anaficha jambo. Asiseme "yaani", maana hakimu atadhani hajui. Anywe maji. Hakuna hakimu aliyewahi kumwuliza mtu kwa nini ana kiu katika nchi hii. Gilasi ile ndiyo mliyoitilia saini. Ufa wake niliutia mimi, siku nitakayoieleza.

Somo la pili lilikuwa fupi: mkalimani ni mfereji, na maji yapitayo humo si yake. Asiongeze, asipunguze, asipambe. Somo hilo nililipenda mara moja, kwa kuwa lilikuwa somo la sheikh wangu limevaa nguo nyingine. Somo la tatu sikulipenda. Mzee Chilumba hakumruhusu shahidi yeyote aanze kusema kabla hajajibu maswali matatu. La kwanza, unaitwa nani. La pili, kwenu wapi. La tatu alimwelekezea kidole mtu anayetolewa ushahidi, akauliza, "Huyu ni nani kwako?" Mawili ya kwanza yalikuwa kwenye fomu ya mahakama. La tatu halikuwamo. Lilikuwa lake mwenyewe, na mahakimu walilivumilia kama wanavyovumilia mvua.

Nilidhani ni upotezaji wa wakati mpaka ilipokuja kesi ya Kiegei. Mwanamke mmoja wa makamo alishtakiwa kwa kung'oa mihogo ya jirani. Yeye alisema kwamba saa hiyo alikuwa njiani akienda kisimani, na kwamba kijana mmoja aliyemtaja kwa jina walipishana naye pale pale. Kijana akaitwa, akaapa, akasema hakumwona mwanamke yeyote. Ushahidi ulikuwa kama mlango uliofungwa. Ndipo Mzee Chilumba, akiwa amefumba macho, akainua kidole. Huyu ni nani kwako? Kijana akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mkwewe, mama wa mkewe. Chumba kizima kikapumua. Kijana mwenye adabu akikutana na mama mkwe njiani hutoka kwenye njia, humpa mgongo na hutazama majani mpaka apite. Hakumwona, kweli, alihakikisha hamwoni. Hakimu alipoelezwa akamwuliza kama kulikuwa na mtu aliyepita wakati yeye akitazama majani. Kijana akajibu kwamba mtu alipita, na kwamba kwa heshima zote alikuwa na kikohozi cha mama mkwe wake. Mwanamke akaachiwa.

Tangu siku hiyo niliuliza swali la tatu katika kila kesi, na Mzee Chilumba alipostaafu na kurudi Matambarale kulima ufuta, nilirithi kiti chake na gilasi yake. Niliamini kwamba nimerithi pia busara yake. Hilo halikuwamo katika makabidhiano.

Sasa nafika kwenye shauri lililonifanya niandike.

Mradi wa karanga ulikuwa umesikika ulimwenguni kuliko karanga zenyewe zilivyovunwa, na wageni wa kila namna walikuja kuutazama. Katika kiangazi kimoja wakaja wanasiasa watatu kutoka nchi moja ya ng'ambo nisiyopenda kuitaja. Haikuwa nchi iliyotutawala, na labda kwa sababu hiyo ilikuwa na maoni mengi juu ya nchi yetu. Wawili walikuwa wa vyama vinavyopingana na hawakuzungumza wao kwa wao ila kwa kupitia kwangu, ingawa lugha yao ilikuwa moja. Wa tatu aliugua tumbo tangu alipowasili, na historia haina neno lake. Walipokwisha kuona matingatinga walitaka kuwasikia wananchi wenyewe. Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya, akawapa lori la mradi kwa ajili ya mizigo, dereva wa lori, na mimi.

Dereva alikuwa Kasiani Komba, Mngoni kutoka upande wa Songea, mtu mrefu mwenye uso usiocheka. Baraza liliitishwa Mbekenyera, mbele ya nyumba ya Mzee Saidi Nalinga. Mzee Nalinga alikuwa Mmwera, mkulima wa mihogo na mikorosho, na mkuu wa jando kwa vijiji vinne. Yeye ndiye aliyewaingiza wavulana utu uzima, na baba zao kabla yao. Wageni walipouliza wananchi wanataka nini, watu waliomba kisima na zahanati, nami nikatafsiri, nao wakaandika kidogo sana. Kisha Komba akashusha viti vya wageni kutoka kwenye lori, na Mzee Nalinga akamwona.

Alisimama. Alijifunga shuka vizuri, akamkazia macho Komba, na bila hata chembe ya tabasamu akasema kwa Kiswahili, ili Komba apate kila neno, kwamba Wangoni wamekuja nchi hii bila kualikwa na wataondoka bila kusindikizwa. Kuanzia kesho nchi ya Wamwera inakatwa. Mpaka wake ni Mto Mbwemkuru upande huu na Mto Lukuledi upande ule. Mfalme ni yeye Nalinga. Bendera ipo, nyeusi, na wapiganaji wapo, thelathini na wawili, wanangoja neno lake tu. Mngoni atakayekutwa ndani ya mpaka atafanya kazi ya kutwanga.

Mmoja wa wageni aliacha kujipepea kwa kofia yake. Akaniuliza mzee anasema nini.

Vijana, nilikuwa mfereji. Nilitafsiri kila neno kwa mpangilio wake. Nilisema bendera nyeusi, kwa kuwa alisema nyeusi. Sikusema kwamba aliponyoosha mkono kuionyesha, palikuwa na kaniki ya mkewe imeanikwa juu ya ua. Nilisema wapiganaji thelathini na wawili, kwa kuwa ndiyo hesabu aliyoitoa. Sikusema kwamba hao ni wavulana waliokuwa wakingoja jando, na kwamba mkubwa wao bado alikuwa akiogopa mbuzi. Watu walikuwa wakicheka, ni kweli, lakini mkalimani hatafsiri kicheko. Komba alijibu maneno ambayo hata kuyaandika yataniletea aibu, nami nikayatafsiri hayo pia, kwa usahihi uleule. Wageni walinishukuru kwa unyoofu wangu. Nilirudi Nachingwea nimeridhika na kazi yangu.

Huyu ni nani kwako? Sikuuliza. Lilikuwa baraza, nilijiambia, si kesi.

Baada ya miezi kama miwili Bwana Shauri aliniita. Juu ya meza yake palikuwa na gazeti la ng'ambo, na juu ya gazeti palikuwa na mkono wake, kana kwamba lingeruka. Mgeni wa kwanza alikuwa amesimama katika bunge la nchi yake na kutangaza kwamba ameshuhudia kwa macho yake kuzaliwa kwa taifa: Wamwera wa kusini mwa Tanganyika wanataka kujitenga, wana mfalme, mpaka, bendera na jeshi, na kila mpenda haki awaunge mkono. Mgeni wa pili alisimama baada yake, akasema kwamba yeye pia ameshuhudia, na kwamba jambo hilo ni moto wa nyikani unaofaa kuzimwa mapema, la sivyo kila kabila la Afrika litajichorea mpaka. Mwanasiasa wa nchi ya tatu, ambaye hakupata kufika hata Lindi, alitoa shauri kwamba mpaka usogezwe kidogo. Walibishana siku mbili. Nilisoma maneno yale nikayatambua, kama mtu anavyotambua nguo zake mwilini mwa mwizi.

"Haya ndiyo uliyotafsiri?" Bwana Shauri aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Na ndiyo mzee aliyosema?"

"Neno kwa neno, bwana."

Akasema basi hana la kufanya. Amri ilikuwa imetoka jimboni: mzee akamatwe, na afisa aje kuchunguza. Ikithibitika kwamba ametangaza kujitenga na kuwatisha watu wa kabila jingine, atahamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa upande wa pili wa nchi, huko kaskazini, asirudi. Ushahidi mkuu ungekuwa daftari langu. Nililifungua jioni ile ile, nikalipitia mstari kwa mstari nikitafuta kosa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikitika kutoliona.

Mzee Nalinga alipoletwa mahabusu alinikuta nimesimama mlangoni. Hakunilaumu. Aliniuliza kama huko kaskazini kuna mikorosho. Nikamwambia sidhani. Akasema kwamba kukaa bila mikorosho mtu anaweza. Kinachomsumbua ni wavulana thelathini na wawili waliokwisha kunyolewa nywele, na jambo moja zaidi.

"Mwalimu, nikifa huko, nani atanizika? Kwa watu wasionijua, watanizika kwa adabu tu."

Maneno hayo ya mwisho sikuyaelewa siku hiyo. Nilikwenda nayo hadi Matambarale.

Nilipata lori mpaka Ruangwa na kutoka hapo nikatembea. Mzee Chilumba nilimkuta akipepeta ufuta. Nilimweleza yote, nikamfungulia daftari. Hakulitazama.

"Ulimwuliza ni nani kwake?"

"Haikuwa kesi, mzee wangu. Lilikuwa baraza."

"Wawili wakisema na wa tatu akasikiliza, hiyo ni kesi," akasema, akaendelea kupepeta. Baada ya muda akaongeza, "Mimi nilikufundisha mfereji. Nilidhani unajua kwamba mfereji nao huanzia mahali."

Mimi nilijua, bila shaka. Nani asiyejua? Wangoni na Wamwera walipigana zamani za babu zetu, na vita vilipokwisha walifanya waliyofanya watu wengi wa nchi hii: waligeuza damu kuwa utani. Mtani wako ana haki ya kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia, kuingia jikoni kwako na kuondoka na chungu. Nawe ukikasirika umejiaibisha. Kila Mmwera wa umri wa Mzee Nalinga akimwona Mngoni humtangazia vita, kama mtu mwingine anavyosema hujambo. Nilijua hayo yote na sikuyatia katika tafsiri, kwa sababu hayakuwa maneno.

Nilimwambia Mzee Chilumba kwamba basi nitamwandikia afisa maelezo marefu juu ya utani, asili yake na sheria zake. Nilikuwa nimekwisha kuanza: kurasa tisa. Akatikisa kichwa.

"Usiueleze. Utani ukielezwa unabaki tusi. Mwite Mngoni, umwulize swali, ukae pembeni."

"Na afisa asipoelewa?"

"Kunywa maji."

Uchunguzi ulifanyika katika chumba cha mahakama, saa tatu za asubuhi, na watu wa Mbekenyera walijaa mpaka nje. Afisa wa jimbo alikuwa mtu mwembamba, mwenye subira, aliyezipanga karatasi zake kwa namna niliyoipenda. Alisoma mashtaka, akasoma daftari langu, akaniuliza kama ni mwandiko wangu. Nikasema ni wangu, tena ni sahihi, tena lina upungufu, na kwamba upungufu huo ni wangu mwenyewe, si wa mzee. Akaniuliza leo niko hapo kama mkalimani au kama shahidi. Nikamwambia kwamba niko kama vyote viwili, na kwamba shahidi amekuja kumsahihisha mkalimani. Aliandika jambo. Kisha nikaomba ruhusa ya kuuliza maswali matatu kwa kila atakayesimama, kama ilivyokuwa desturi ya mahakama hii. Bwana Shauri alifungua kinywa, nadhani kusema kwamba fomu ina mawili tu, akakifunga.

Komba aliitwa kama mtu aliyetishwa. Akaingia na nguo zake za kazi, mafuta ya gari mpaka viwikoni, uso kama mlango wa ghala. Unaitwa nani? Kasiani Komba. Kwenu wapi? Songea. Nikamwelekezea kidole Mzee Nalinga.

"Huyu ni nani kwako?"

Komba alimtazama mzee kutoka miguuni hadi kichwani.

"Huyu ni mtumwa wangu," akasema. "Babu yangu alimpandisha babu yake juu ya mti, akakaa huko siku tatu akila majani. Hakushuka mpaka tulipomtupia mfupa."

Nikatafsiri. Kalamu ya afisa ilisimama. Askari wa mlangoni akasogea.

"Alishuka siku ya tatu," Mzee Nalinga akajibu kutoka kwenye benchi la mahabusu, bila kuruhusiwa na mtu, "kwa sababu ninyi mlikuwa mmevimbiwa mihogo yetu, mnalala hovyo kama chatu. Akawahesabu, akaona hamfai hata kuuawa."

Komba akaondoka mahali pa mashahidi, akaenda mpaka kwenye benchi, akaivua kofia ya Mzee Nalinga, akaivaa yeye. Askari akamshika bega. Ndipo nilipoigonga gilasi kwa kiwiko. Ilianguka mezani ikapata ufa ule, nami sikuwa na maji ya kunywa. Afisa akauliza, polepole, kama shahidi anamwogopa mtuhumiwa. Nikatafsiri.

"Namwogopa sana," Komba akasema, kofia ya mzee ikiwa imemkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chungu. "Mfungeni, bwana. Mpelekeni mbali. Lakini kabla hamjampeleka, andikeni hapo jambo moja." Uso ule usiocheka ulibadilika, na aliposema tena alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Mwaka wa kwanza wa karanga, mtoto wangu alifia kambini. Homa. Mimi hapa sina ndugu, sina shangazi, sina mtu. Mke wangu alikaa na maiti mapajani akakataa kuitoa. Mzee huyu alisikia sokoni kwamba Mngoni amefiwa. Akatoka Mbekenyera kwa miguu. Hakuwa amepata kuniona. Aliingia ndani akamwambia mke wangu, 'Binti wa wezi wa ng'ombe, mpe babu mjukuu wake.' Mke wangu akacheka, bwana, akiwa analia, akampa. Kaburi alilichimba yeye. Sisi ni Wakristo, yeye ni Mwislamu; alisimama pembeni mpaka sala zikaisha, kisha akarudi kufukia. Ndiye huyo mfalme."

Nikatafsiri. Sikuongeza neno, sikupunguza. Lakini kabla ya sentensi ya kwanza nilisema kitu ambacho ningepaswa kukisema Mbekenyera: "Huyu anayesema ni mtani wa yule, na kwa desturi ya makabila haya mtani ndiye azikaye." Ndipo nilipoelewa neno la mahabusu. Kuzikwa kwa adabu tu, bila mtani wa kukutukana kaburini mpaka waliofiwa wapate nguvu ya kusimama, kwa mzee yule kulikuwa ni kutupwa.

Afisa aliyapekua makaratasi, akauliza habari ya jeshi. Mzee akasema liko nje. Wavulana thelathini na wawili wenye vipara wakaingizwa kwa mstari, wakasimama ukutani, na yule mkubwa wao alijificha nyuma ya mwenzake. Afisa akawahesabu mmoja mmoja kwa kalamu, maana alikuwa mtu wa kazi. Akauliza habari ya bendera. Hapo Bibi Somoe, mke wa mzee, akainuka kutoka miongoni mwa wanawake.

"Bendera nimeivaa," akasema. "Na siivui."

Ilikuwa kaniki yake, imefungwa chini ya makwapa, imepauka kidogo upande wa jua. Nilitafsiri. Afisa aliiinamia meza, akaufunika uso wake kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Na watu wa Mbekenyera walipoona mabega yale hawakungoja tafsiri. Kicheko kilichotoka mahakamani kilisikika mpaka karakana ya mradi. Bwana Shauri, ambaye kwa miaka yote sikupata kuona meno yake, niliyaona. Mzee Nalinga peke yake hakucheka. Aliidai kofia yake.

Aliachiwa hapo hapo. Nilipewa kazi ya kuandika taarifa ya jimbo, nami niliiandika kwa ukurasa mmoja. Zile kurasa tisa nilifungia ufuta aliokuwa amenipa Mzee Chilumba. Wanasiasa wa ng'ambo walipelekewa nakala. Mmoja alijibu kwamba anafurahi kusikia tumepata maelewano. Mwingine, nilisikia, alikuwa amekwisha kugundua taifa jingine linalojitenga, mahali penye hoteli.

Komba ndiye aliyemrudisha mzee kwa lori la mradi, na mimi niliomba nafasi nyuma, kati ya jeshi. Tulipofika soko la Ruangwa habari ilikuwa imetutangulia. Watu waliacha mizani na mafungu yao wakajipanga pande mbili za barabara, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakavua kofia na kuinama mpaka chini, "Shikamoo mfalme", na mfalme akawaitikia kwa mkono akiwa kiti cha mbele, huku dereva wake akitoa kichwa dirishani na kuwataka wasimpe mtumwa huyo maji, atazoea. Mbekenyera ngoma ilikuwa tayari. Wavulana waliingia jandoni wiki ile ile. Yule mwoga wa mbuzi sasa ni karani wa mahakama ya Ruangwa, na mwandiko wake ni mbaya.

Mfalme aliitwa Mfalme tangu siku hiyo, na kodi ya ufalme ilikuwa ni kumtukana Komba kila mwisho wa wiki. Mimi nilipata zawadi moja tu niliyoiomba: Bwana Shauri alikubali swali la tatu liingizwe kwenye fomu ya mashahidi, chini ya jina na makazi. Huo ndio mstari mnaoujaza kwa herufi mbili za haraka, na wengine wenu mnauruka kabisa wakati si kesi.

Siku ya kuniaga, Mzee Nalinga alikuja kwa miguu kutoka Mbekenyera, amezeeka sana, akishikwa mkono na Komba, ambaye aliniarifu kwamba ameleta mzigo tu. Hotuba zilipokwisha, mzee alisimama, akaninyooshea kidole, akawauliza watu wote waliokuwapo:

"Na huyu Mmakua aliyetaka kunipeleka kaskazini, ni nani kwetu?"

Yeye akaja mbele, akaichukua kalamu yangu mfukoni, nzuri, yenye utepe wa dhahabu, niliyokuwa nimezawadiwa nusu saa kabla. Akaichomeka mfukoni mwake na kurudi kukaa. Nilikuwa nimeipenda kalamu ile. Nikafungua kinywa kulalamika, nikamwona Komba ananitazama, uso kama mlango wa ghala, akingoja aone kama nitakasirika.

Sikukasirika. Nilikwenda nikamvua mzee kofia yake, nikaivaa, nikaondoka nayo. Ndiyo niliyoivaa sasa ninapoandika. Inanibana kidogo.